Wiki kumi kwenye jimu ya ngumi Ngamiani: kocha mzuri, siku ya kwanza mbaya

Jumatano asubuhi mteja aliniletea dera la kupunguza mabega. Nikashika mkasi, mkasi ukanishinda. Wala haukuwa butu. Mkono ndio uliogoma, kidole gumba kinatetemeka kama cha mtu aliyeamka juzi kitandani hospitali. Nikamwambia aache nguo, aje kesho. Kumbe kesho ndiyo ilikuwa mbaya zaidi! Alhamisi nilichuchumaa chooni nikiwa nimeshikilia ndoo, na kuinuka ikabidi nimwite binti yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza hata kucheka, tumbo nalo lilikuwa linauma.

Hayo ndiyo niliyovuna kwenye somo langu la kwanza la ngumi, Jumanne jioni, kwenye jimu moja huku Ngamiani, Tanga. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko, na mwenyewe nimeshamwambia uso kwa uso. Wa mitaa ya huku ukisema lile banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga, wanalijua. Nimelipa hela yangu mwenyewe tangu siku ya kwanza, shilingi 30,000 kwa mwezi (ukienda kwa siku ni 2,000), na sasa nimetimiza wiki kumi, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mimi ni fundi cherehani, umri 41, na nilipoanza nilikuwa na kilo 83. Kazi yetu ni ya kukaa. Unakaa saa mbili asubuhi, ukiinuka ni adhana ya adhuhuri. Siku moja nilibeba jora mbili za kitambaa kutoka kwa Mhindi hadi dukani kwangu, hata si mbali, nikafika nimekata pumzi hivi kwamba mteja aliniuliza kama nimekimbizwa. Nikajaribu jogingi na wale wanaopita alfajiri wakiimba. Magoti yakakataa. Halafu shoga yangu ambaye ni muuguzi akasema kuna kipindi cha wanawake kwenye ngumi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja jioni, mnamaliza kabla ya magharibi. Kijana wangu wa kiume akasema ngumi ni za wanaume. Nikamwambia wanawake walianza kupigana Olimpiki ya London mwaka 2012, wakati yeye hata kusoma hajui. Akanyamaza, akaenda kunitafutia trakisuti yake ya zamani.

Nilikwenda nikijua nakwenda kwenye mji wenye ngumi. Bondia Hassan Mwakinyo ni wa hapa hapa Tanga, na ile Septemba 2018 alipomshinda Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, refa akasimamisha pambano, kwa wiki nzima mtaani kwetu hakuna mtoto aliyetembea kawaida. Wote walikuwa wanarukaruka na ngumi juu. Picha yake ipo ukutani kwenye banda, imepauka kwa jua, na kocha huitumia kama mwalimu anavyotumia ramani: "Tazama kidevu kiko wapi. Tazama mkono wa kulia uko wapi."

Banda lenyewe ni sakafu ya saruji, mikeka ya mpira nusu yake, mabegi matano ya kupigia ngumi yananing'inia kwenye bomba la chuma, na matairi mawili ukutani. Feni ipo moja, imekufa. Nilianza mwezi wa pili, na wa Tanga wanajua mwezi wa pili chini ya mabati ni kitu gani. Jasho linaanza kabla hujafunga kamba za viatu.

Siku ya kwanza kocha alinipanga na watu ambao tayari wana miezi sita. Kamba raundi tatu. Raundi ni dakika tatu, mapumziko dakika moja, simu yake inalia kengele. Mimi niliruka mara kumi na moja, kamba ikanifunga miguu, na hadi raundi inaisha nilikuwa bado nafunguka. Skwati mia moja. Pushapu arobaini, za magoti ndiyo, lakini arobaini! Halafu begi raundi sita, kila mtu anapiga kwa nguvu zake zote kwa sababu hakuna aliyemwambia asipige. Raundi ya nne nilitapika kwenye ndoo ya kupigia deki. Kocha akanipa maji, akanipigapiga mgongo, akasema, "Safi sana mama, mwili unafunguka."

Si kweli. Mwili ulikuwa unafumuka, na fundi cherehani ninajua tofauti.

Yule muuguzi alikuja kunitazama Alhamisi. Swali lake la kwanza halikuwa naumwa wapi. Aliuliza mkojo wangu una rangi gani. Nikamwambia wa kawaida, wa manjano. Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba mtu asiyezoea akilazimishwa kupita kiasi, hasa kwenye joto na bila maji, misuli inaweza kuharibika kiasi cha kumwaga uchafu wake kwenye damu, mkojo ukawa rangi ya kahawa au chai ya rangi, na figo zikapata taabu. Hapo si pa kuchuliwa wala kunywa vidonge, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ningependa hilo liandikwe ukutani pale jimu, hata chini ya picha ya Mwakinyo.

Maumivu ya kawaida, yale yaliyonipata mimi, yana ratiba yake. Hayaji papo hapo. Unalala vizuri, unaamka umekaza, siku ya pili au ya tatu ndiyo kilele, halafu yanapungua, na ndani ya wiki yamekwisha. Kocha aliniambia ni asidi imejaa kwenye nyama, nikimbie itoke. Wengi wanasema hivyo. Lakini asidi ile inayotokana na kazi kali huondoka mwilini ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika, sasa ya Alhamisi imetoka wapi? Muuguzi anasema ni nyuzi za msuli zenyewe zimechanika chanika kidogo sana, mwili unazitengeneza, na ule uvimbe wa matengenezo ndio unaouma. Zinazochanika zaidi ni pale msuli unapozuia huku unavutwa: unaposhuka kwenye skwati, unaposhusha kifua kwenye pushapu, unapouzuia mkono usiondoke na ngumi uliyoikosa. Hapo nikaelewa mara moja. Kitambaa ukikivuta kikiwa huru, kinakwenda. Ukikibana upande mmoja ukavuta upande wa pili, kwenye mshono ndipo kinapoachia.

Kuhusu tiba, nimejaribu karibu kila kitu Tanga inachotoa. Dawa ya kuchua ya bomba inachoma ngozi na kukusahaulisha kwa nusu saa. Shangazi yangu alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu, nikalala kama mtoto usiku ule, ila vidole gumba vya shangazi vilikuwa adhabu ya pili, na asubuhi mapaja yalikuwa vile vile. Barafu nilinunua kwa wauza samaki, nikakaa nayo kwenye beseni. Maumivu yalipoa kidogo, harufu ya vibua ikabaki siku mbili. Nilimeza pia vidonge vya maumivu vya dukani, vile vikali, kwa siku mbili, mpaka muuguzi akanigombeza: vinaumiza tumbo, ukivinywa ukiwa umekaukiwa maji vinaonea figo, na mwenye presha ndiyo kabisa asivizoee. Kunyoosha viungo kunafurahisha, sikuona kama kunapunguza siku za kuumwa.

Kilichonisaidia kweli ni kitu cha bure. Alhamisi ile ile jioni, nikitembea kama bata, mimi na binti yangu tulikwenda taratibu hadi Raskazone. Kufika Bombo miguu ilikuwa imeanza kulainika. Tulipofika baharini niliingia maji ya kifua na nguo zangu, nikatembea humo humo. Watu wa mbali wanasifia maji baridi. Bahari yetu ni vuguvugu na haina ubaridi wa kumtibu mtu, ila maji yanakubeba, na kubebwa ndicho nilichotaka. Tukanunua mihogo ya kuchoma tukarudi kwa bajaji. Kwa hiyo kocha kwenye kukimbia alikosea sababu lakini hakuwa mbali na dawa: mwili ukisogezwa taratibu unauma kidogo kuliko mwili uliolazwa.

Jumamosi nilirudi. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Kocha, leo nafanya nusu ya kila kitu. Ukinilazimisha naondoka na 30,000 yangu unirudishie." Akacheka, akakubali. Na hapa ndipo penye ajabu. Jumapili nilitegemea kufa tena, nikaamka nimekaza tu kama mtu aliyefua mashuka. Wiki ya tatu nilifanya zaidi ya yale ya siku ya kwanza, na maumivu hayakufika robo. Mwili unakariri. Ukishaumwa mara moja kwa zoezi fulani, ukirudia ndani ya wiki chache hauumwi tena vile. Kwa hiyo ile siku ya kwanza ingeweza kuwa ya raundi mbili za begi na pushapu kumi, nikapata faida ile ile ya kukariri, na dera la mteja likatoka kwa wakati. Hiyo ndiyo kesi yangu kubwa dhidi ya jimu hii. Wanawake wanne walioanza wiki moja na mimi, watatu hawakurudi. Kocha alisema hawana moyo. Mimi nadhani hawakuwa na mtu wa kuwainua chooni.

Sasa nimsifu, maana anastahili. Kwenye mikono yule bwana ni fundi. Wiki mbili nzima alinifundisha kitu kimoja, ngumi ya kushoto iliyonyooka, jebu, na namna ya kuirudisha ilikotoka. Nilikuwa nabana pumzi kila nikipiga, ndiyo maana nilikuwa nakufa dakika ya kwanza. Akaniambia nitoe pumzi kwa meno na kila ngumi, tss, tss, kama anayefukuza kuku. Siku hiyo hiyo nikamaliza raundi. Akaona pia kwamba napiga kwa mkono mtupu, akanigeuza kisigino cha nyuma, akasema, "Ngumi inatoka chini, mama, mkono unaipeleka tu." Ukilielewa hilo mabega hayaumi tena kama mwanzo, kwa sababu mapaja na kiuno ndivyo vinavyofanya kazi. Hashiki mtu ovyo ovyo, akitaka kukurekebisha anakuonyesha kwa fimbo ya ufagio. Na kwenye kupigana halazimishi. Nimemwambia mimi sipigani na mtu, kichwa changu nakihitaji kwa hesabu za vipimo, akasema sawa, begi na pedi, zile anazovaa yeye mikononi ili nizipige, vinatosha.

Vifaa ndivyo tatizo. Glovu za jimu ni za kushirikiana, na harufu yake siwezi kuiandika mtu akiwa anakula. Nilinunua zangu mjini, aunsi 12, kwa 45,000. Kwa begi na pedi zinanitosha. Wanaopigana wenyewe kwa wenyewe pale kocha anawataka wavae za aunsi 16 ili zisiumize. Nikitoka nazijaza magazeti na kuzianika kivulini. Jua la moja kwa moja linakausha ngozi bandia inapasuka.

Bandeji za mikono ndiyo habari ndefu. Wiki ya nne kiwiko cha mkono kilikuwa salama, mabega salama, lakini kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuchoma. Nilishajua maumivu ya nyama: yako pande zote mbili, yanaenea, yanapungua ukipasha moto. Hili lilikuwa sehemu moja, kama sindano, na lilizidi nikipiga. Nikaacha mkono wa kulia siku kumi, nikapiga kushoto tu. Kocha alipotazama bandeji nilizokuwa naazima akakuta zimekwisha mvuto, zinazunguka tu bila kukaza, na nilikuwa natua kwa vifundo vya vidole vidogo badala ya viwili vya kwanza.

Nikasema mimi fundi mzima naazima bandeji? Nikajaribu kitenge cha vipande: hakina mvuto, kinateleza, kinakata mkono. Nikajaribu kitambaa cha fulana: kinavutika mpaka hakishiki chochote. Mwisho nikapata pamba yenye mvuto mdogo, ile ya kushonea mikanda ya kiuno ya wajawazito, nikakata upana wa sentimita tano na urefu wa mita nne na nusu. Mwanzoni nikashona tundu la kidole gumba, mwishoni nikaweka ule utepe wa kunata wenye miba unaowekwa kwenye mabegi ya shule. Kingo nilizizungusha kwa ovaloki, lakini uzi wa ovaloki ukawa unakwaruza katikati ya vidole, nikafumua, nikapiga zigizaga nyepesi. Kifundo hakijaniuma tena. Wenzangu wakataka, sasa nauza jozi 4,000, na kocha mwenyewe amechukua jozi tatu kwa mkopo ambao sijaulipwa. Vipande vyangu vya dukani, vile nilivyokuwa natupa, vinakwenda kujaza mabegi. Begi la pembeni kushoto, lile laini kidogo katikati, ndani yake ni madera ya Ngamiani nzima.

Mengine ya haraka. Hakuna pa kubadilishia nguo, tunashikiana kanga. Choo kimoja, ufunguo anao mtu wa mashine ya kusaga. Saa kumi na moja yao ni kumi na moja na nusu, halafu kumi na mbili kasoro vijana wa kiume wanaanza kujaa mlangoni na kutuhesabia pushapu kwa sauti. Mwezi wa Ramadhani kipindi kilihamia usiku baada ya tarawehe, na hilo nawapongeza, kulikuwa na upepo na tulikuwa tumeshakunywa maji. Chakula sikubadilisha sana: nimeongeza kunde, mayai na mtindi, na machungwa ya Muheza nikitoka mazoezini. Usingizi ndio niliouheshimu. Nikishona hadi saa saba usiku, kesho yake begi linanipiga mimi.

Mizani inasema kilo 80, tatu tu zimeondoka, na kama mizani ndiyo inayokupeleka utavunjika moyo. Mimi naamini futi ya fundi. Kiuno kilikuwa inchi 41, leo 38 na nusu, sketi zangu tatu nimezipunguza mwenyewe. Kamba naruka raundi mbili, nakwama mara nne au tano. Majora nabeba mawili na mfuko wa nyuzi juu yake, na yule Mhindi ameacha kunitafutia kijana wa kunisaidia.

Kocha nampa tano kati ya tano. Banda mbili. Siku ya kwanza nilikuwa nimeipa sifuri, ila Jumamosi iliyopita alikuja mgeni, mama mmoja wa Makorora, mnene kama mimi nilivyokuwa, na trakisuti ambayo bila shaka ni ya mwanawe. Kocha akampanga mstari wa mbele, akasema, "Haya mama, pushapu arobaini." Mimi nilikuwa nafunga bandeji. Nikakohoa. Akageuka, akanitazama, akamgeukia yule mama.

"Kumi," akasema. "Za magoti. Ukichoka, pumzika."